Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Muuguzi na Ushauri wa Uzito kwa Watu wa Makamo, Mkoa wa Kigoma

Ukurasa huu ni wa wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali, kuanzia Ujiji na Mwanga hadi Kasulu, Kibondo na Uvinza. Baadhi ya maswali ni ya wagonjwa, mengine ni ya wauguzi wenyewe. Kwa watu wa makamo tunamaanisha wenye miaka 40 hadi 60 hivi.

## Mambo ya msingi

1. Mgonjwa anaapa kwamba hajaongeza chakula, lakini kila mwaka ananenepa. Inawezekana?

Inawezekana, na usimbishie. Kuanzia miaka ya 30, mtu asiyeishughulisha misuli yake huipoteza kwa asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi. Misuli ikipungua, mwili hutumia nishati kidogo hata ukiwa umelala. Kazi nazo hupungua: maji sasa wanachota watoto, mvuvi wa zamani ana mtumbwi na vijana wa kumvulia, mama aliyekuwa akilima amefungua genge. Sahani imebaki ileile ya miaka ya jembe na kasia.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada. Homoni ya estrojeni inaposhuka kuelekea ukomo wa hedhi, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye makalio huanza kukaa tumboni. Kwa hiyo kiuno kinaweza kupanuka hata mizani isipobadilika sana.

Ongezeko la kawaida kwa umri huu ni kama nusu kilo kwa mwaka, dogo kiasi kwamba halionekani. Ndani ya miaka 15 zinakuwa kilo 7 au 8. Anayeongezeka kilo 5 ndani ya miezi miwili si wa kundi hili; nenda swali la 19 hadi 22.

2. Nipime nini, na makosa yanatokea wapi?

Vitu vinne: uzito, urefu, mzingo wa kiuno na presha. Sukari pima kama kipimo kipo.

Mizani ikae kwenye sakafu ngumu na isome sifuri kabla hajapanda. Ikiwa juu ya mkeka au udongo usio sawa itadanganya. Mgonjwa avue viatu, aweke pembeni simu, pochi na kitenge cha juu. Mara nyingine mtumie mizani ileile. Mizani mbili za kituo kimoja zinaweza kupishana kilo mbili, na mgonjwa akaambiwa amenenepa wakati amepungua.

Kiuno si pale mkanda wa suruali au kanga inapofungwa. Papasa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, uzungushe futi kamba katikati ya hapo, ikiwa sambamba na sakafu, imegusa ngozi bila kuibana. Soma mgonjwa akishatoa pumzi ya kawaida. Wanaume wengi huvuta tumbo ndani wakiona futi. Mwongeleshe kidogo, litarudi lenyewe. Futi ya fundi cherehani inafaa, ila za kitambaa hurefuka kwa kutumika: ilinganishe na rula kila baada ya miezi michache.

Kwenye presha, tazama mkanda wa mashine. Mkono wenye mzingo unaozidi sentimita 32 unahitaji mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa za presha asiyokuwa nayo.

3. Ni namba zipi zinatakiwa kunishtua?

BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, hupatikana kwa kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 78 na urefu wa mita 1.58: 1.58 mara 1.58 ni 2.50, na 78 gawanya kwa 2.50 ni 31.2. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kiwango cha ugonjwa. Kiuno: kwa mwanamke hatari huanza sentimita 80 na huwa kubwa kuanzia 88, kwa mwanaume ni 94 na 102.

Kwa umri huu, ukilazimika kuchagua kipimo kimoja, chagua kiuno. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na presha, na BMI haiyaoni. Mzee mwembamba wa mikono na miguu mwenye kiuno cha sentimita 104 anaweza kuwa na BMI ya 26 na sukari ya juu.

Presha ya 140/90 au zaidi irudiwe siku nyingine. Ikifika 180/110, amuone daktari au tabibu siku hiyohiyo. Sukari ya kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, au ya muda wowote ikiwa 11.1 na zaidi pamoja na kiu na kukojoa sana, mpeleke kwa daktari.

4. Nimwambie apunguze kilo ngapi?

Anza na asilimia 5 ya uzito wake. Kwa yule mama wa kilo 78 ni kilo 4 tu, ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kiasi hicho kinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Ukimwambia arudi kilo 58 za siku ya harusi, umemkatisha tamaa kabla hajafika getini. Kasi salama ni nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo moja.

Kwa anayeendelea kupanda, mwaka mzima bila kuongezeka ni mafanikio. Yaandike kwenye kadi kama mafanikio.

## Namna ya kuongea

5. Nianzeje bila kumvunjia heshima?

Muuguzi wa miaka 26 mbele ya mama wa miaka 52 anaanza na shikamoo, halafu kilichomleta mgonjwa, halafu ndipo ruhusa: "Mama, presha imepanda kidogo kuliko mara iliyopita. Unaniruhusu tuongee kuhusu uzito na kiuno?" Akisema leo hapana, mwambie mlango uko wazi, uandike ili muuguzi wa zamu nyingine asianze upya. Wengi huliongelea wenyewe ziara inayofuata.

Maneno "bonge", "kitambi chako" na "umefutuka" yaache sokoni. Sema uzito, kiuno, presha. Wala usitangaze kilo za mtu kwenye korido. Kama mizani iko mahali watu wanapopita, weka pazia au geuza upande wa kusomea.

Kinachoharibu zaidi ni hotuba. Mtu akishahukumiwa kuwa mlafi hutaja chakula cha uongo, na wewe utashauri juu ya chakula asichokula.

6. Foleni imefika nje. Nina dakika tano tu. Nifanye nini?

Dakika moja ya kupima kiuno. Mbili za kuuliza maswali matatu: lita ya mafuta inakaa siku ngapi nyumbani, kilo ya sukari inakaa siku ngapi, na mnakula wangapi. Dakika moja ya kuchagua jambo moja, na achague yeye. Ya mwisho ni ya kuandika: tarehe, uzito, kiuno, presha, jambo mlilokubaliana, tarehe ya kurudi.

Jambo moja, siyo saba. Orodha ndefu ya "usile, usinywe, usikae" hutupwa pamoja na karatasi ya dawa.

7. "Nikipungua watu watasema nimeathirika." Nimjibuje?

Hofu hiyo ni ya kweli na inazuia watu wengi kuliko uvivu. Usiicheke. Mweleze kwamba kupungua mnakokupanga ni nusu kilo kwa wiki: uso hausinyai, nguvu haziishi, nguo zinalegea kiunoni kwanza. Mpe pia jibu la kuwapa majirani, kwa mfano "nesi ameniambia nishushe presha". Presha haina aibu mtaani. Kama anataka kujua hali yake ya VVU, mpeleke apime siku hiyo.

Linalofanana na hili ni mume anayempenda mkewe akiwa na mwili. Hapo kazi siyo kubishana na mapenzi ya mtu. Mwalike mume kliniki mama akikubali, mpime naye kiuno.

8. Mimi muuguzi mwenyewe ni mnene. Nitamshauri nani?

Yeyote. Mgonjwa akikuuliza, jibu kifupi: "Na mimi niko kwenye safari hiyohiyo," urudi kwake. Kinachohitajika ni kipimo sahihi na adabu. Muuguzi mwembamba anayedharau hana faida yoyote hapa.

## Chakula na vinywaji

9. Aache ugali?

Hapana. Ukimnyima Muha ugali umemnyima mlo, na atarudi kuula wiki ijayo akiwa na njaa ya siku sita. Punguza kiasi. Unga mkavu, wa mahindi au wa muhogo, una kalori kama 350 kwa kila gramu 100. Anayekula ugali wa gramu 250 za unga kwa mlo mmoja anapata karibu kalori 900 kabla hajagusa mboga. Akipunguza robo ameokoa zaidi ya kalori 200.

Unga wa muhogo una protini kidogo sana, gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100, wakati wa mahindi una 8 hivi. Kwa hiyo ugali wa muhogo unahitaji maharage, dagaa au samaki wa kutosha pembeni, la sivyo mtu atashiba kwa uzito wa tumbo kisha misuli yake iendelee kupungua. Robo aliyoipunguza kwenye ugali aijaze kwa mboga za majani na maharage.

10. Wengine wanasema mawese ni dawa, wengine wanasema ni sumu. Tushike lipi?

Mawese mekundu yana karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hilo ni jambo jema kwa macho na kwa watoto. Karibu nusu ya mafuta hayo ni yale yanayoganda, ambayo yakizidi hupandisha lehemu ya damu. Kwa habari ya uzito, mawese ni sawa na alizeti, korie na mafuta mengine yote: kijiko kimoja cha chakula, mililita 15, kina kalori kama 120. Kuyachemsha mpaka yageuke meupe hakupunguzi kalori hata moja. Kunaua ile karotini tu, yaani faida inaondoka na kalori zinabaki.

Tatizo ni kwamba Kigoma mafuta hayapimwi, yanamiminwa. Kumuuliza mgonjwa "unatumia vijiko vingapi" ni kazi bure. Uliza lita inakaa siku ngapi. Hesabu ni hii: mililita 1,000 gawanya kwa idadi ya walaji, kisha kwa siku. Watu watano wakimaliza lita kwa siku tano, kila mmoja anakula mililita 40 kwa siku, kalori kama 330 za mafuta peke yake. Lita hiyo ikikaa siku nane, kila mmoja anabaki na mililita 25, kalori 205 hivi. Tofauti ya kalori 120 kila siku imepatikana bila mtu kubadilisha chakula chochote.

Lengo letu la kawaida ni mililita 20 hadi 30 kwa mtu kwa siku. Familia ya watano, lita moja ikae siku saba hadi kumi. Njia rahisi ya kufika huko: kila asubuhi amimine mafuta ya siku nzima kwenye kikombe, yakiisha yameisha. Chupa kubwa ikae mbali na jiko. Kisamvu ndicho kinachokunywa mafuta mengi kuliko mboga zote. Kikipikwa kwa karanga, mawese yapunguzwe nusu, maana karanga nazo zina mafuta yake.

Kumbuka watoto wadogo wa nyumba hiyo. Wao wanahitaji mafuta kwenye uji na mboga, kwa hiyo kipimo cha mama kisiwe sababu ya kumkausha mtoto wa miaka miwili.

11. Vipi chai, soda na juisi?

Hapa ndipo panapopatikana kilo za haraka, kwa sababu kinywaji hakishibishi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari; kilichojaa mlima kina 6 au zaidi. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vya mlima ni gramu 54, zaidi ya kalori 200. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora ikikaa chini ya 25. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40, yaani chupa moja imeshavuka kiwango kile bora.

Tumia hesabu ya swali la 10: kilo ya sukari kwa watu watano ikiisha siku nne, kila mmoja anapata gramu 50. Lengo ni ikae siku nane. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya wiki tatu au nne. Anayekata ghafla hurudia. Asali na sukari guru zihesabuni kama sukari.

12. Wanakula sinia moja. Ushauri wa kugawa sahani unafaa?

Ule wa nusu mboga, robo ugali, robo kitoweo ni mzuri kwa mwenye sahani yake. Kwenye sinia haupimiki. Mshauri apakue mboga na maharage kwenye bakuli lake aanze nayo, kisha ajiunge na wenzake kwenye ugali, na anawe mikono mapema, yaani aache kula kabla ya wenzake. Akisusia sinia kabisa atakuwa amejitenga na nyumba, na hatadumu.

Mpishi ana tatizo la kwake: kuonja. Mama lishe anayeonja chungu tano tangu alfajiri amekula mlo mzima kabla ya saa sita. Aonje kwa kijiko cha chai.

13. Dagaa na migebuka vinanenepesha?

Vyenyewe ni kitoweo bora, na sisi tunavipata kwa bei ambayo mikoa mingine wanaiota. Kinachonenepesha ni kuvitosa kwenye mafuta yanayochemka. Mgebuka wa kuchoma, au wa kuchemsha kwa nyanya, kitunguu na kijiko kimoja cha mawese, una kalori chache kuliko wa kukaanga. Dagaa wakavu walowekwe maji ya moto, waoshwe, kisha wapikwe mchuzi.

Samaki wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe mara mbili, hasa kwa mwenye presha. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, ikijumlisha ile iliyomo kwenye samaki. Chumvi haiongezi mafuta mwilini, lakini huvuta maji, na mizani itayaonyesha.

14. Pombe je?

Bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi, na bia tatu ni mlo kamili usio na mboga. Pombe ya ndizi na za kienyeji nyingine hutofautiana sana, hivyo hesabu vikombe na uweke lengo la kupunguza nusu. Uliza pia kinacholiwa pamoja nayo. Mara nyingi mishikaki na chipsi za saa nne usiku ndizo zenye kiuno. Mtu anayetetemeka asubuhi asipokunywa asikatishwe ghafla nyumbani: hiyo ni rufaa.

15. Kwa nini wengine wananenepa mwezi wa Ramadhani?

Kwa sababu futari inakuwa milo mitatu iliyounganishwa: uji wa sukari, mihogo na ndizi za nazi, tambi, maandazi, halafu saa tatu daku ndogo, halafu daku yenyewe. Mshauri afungue kwa maji na tende moja hadi tatu, aswali, kisha ale mlo mmoja wa kawaida. Vya kukaanga achague kimoja kwa siku.

Mwenye kisukari anayetumia glibenklamaidi au insulini amuone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6, afungue hapohapo. Tahadhari ya kushuka inamhusu pia Mkristo anayefunga Kwaresima, na mgonjwa yeyote wa dawa hizo unayemwambia apunguze chakula.

## Mwendo na mwili

16. "Nesi, mimi nalima. Mazoezi ya nini tena?"

Kulima ni mazoezi, na mhesabie. Lakini muulize analima miezi mingapi. Mvua zikikatika Mei, wengi hukaa hadi zirudi Oktoba au Novemba, na chakula cha mavuno ndicho kipindi hicho kimejaa ndani. Kiangazi kinahitaji mpango wake: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo, ambapo mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Ni dakika 30 kwa siku tano, na zinaweza kugawanywa kumi kumi. Anayepanda bodaboda kila siku ashuke kilomita moja kabla ya kufika.

Mwendo peke yake haurudishi misuli. Mara mbili kwa wiki aongeze kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10, apumzike, arudie mara tatu. Na kusukuma ukuta kwa mikono kwa idadi hiyohiyo. Hahitaji nguo za michezo wala kutazamwa na mtaa. Kwa mama anayeona aibu kutembea barabarani, hili hufanyika uani.

17. Magoti yanamuuma. Asitembee?

Atembee kidogo kidogo kwenye sehemu tambarare, aepuke miteremko. Kila kilo moja inayopungua huondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Goti lililovimba, lenye joto au lililofungwa ghafla lionwe na daktari kwanza.

## Hedhi, uzazi wa mpango na dawa

18. "Hedhi imekoma, damu imejaa tumboni ndiyo maana nimenenepa." Kweli?

Hapana. Hedhi hutoka pale ukuta wa mji wa mimba uliojengeka unapobomoka. Homoni zikishuka ukuta haujengeki, hivyo hakuna damu ya kutoka wala ya kubaki. Tumbo linatokana na sababu za swali la 1. Elezea hivyohivyo kwa mwenye sindano ya uzazi wa mpango asiyepata hedhi.

Tahadhari mbili. Mwenye miaka 43 aliyekosa hedhi miezi mitatu na tumbo linakua, pima mimba kabla ya kusema neno "ukomo". Uzazi wa mpango uendelee mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka 50, miaka miwili kwa aliye chini yake. Na anayetokwa damu tena baada ya mwaka mzima bila hedhi apewe rufaa, hata kama ni matone.

19. Sindano ya miezi mitatu inanenepesha?

Kati ya njia zote, hiyo ndiyo yenye ushahidi wa kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Pima uzito kila anapokuja kuchoma. Aliyeongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kuendelea kupanda. Mweleze njia nyingine, hasa kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Asiache kabla ya kuanza nyingine. Vidonge vyenye homoni mbili usimhamishie mwenye presha.

20. Tangu aanze ARV mpya amenenepa. Aziache?

Asiziache hata siku moja. Sehemu ya uzito huo ni afya iliyorudi. Lakini dawa zenye dolutegravir, kikiwemo kidonge cha mchanganyiko cha TLD, zimeonekana kuongeza uzito, zaidi kwa wanawake, hasa mwaka wa kwanza na wa pili. Pima kiuno, presha na sukari kila anapokuja kliniki ya VVU (CTC), na ushauri uleule wa mafuta na sukari utumike. Uamuzi wa kubadilisha dawa ni wa daktari.

Dawa nyingine zinazoweza kuongeza uzito: prednisoloni ikitumika muda mrefu, insulini, glibenklamaidi, amitriptilini, valproeti, olanzapini, na baadhi ya dawa za presha kama atenololi. Orodha hii ni ya kumwandikia daktari. Usimsomee mgonjwa akaenda kuzitupa.

21. Anatumia chai ya kukata tumbo aliyonunua mtandaoni. Nifanyeje?

Mwombe alete kopo. Nyingi ni majani ya kuharisha: kinachopungua ni maji na chumvi za mwili, kinarudi akinywa maji. Hatari zaidi ni zile zilizochanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Mapigo ya haraka, presha kupanda na kukosa usingizi ni dalili za kutilia shaka. Asitishe, na taarifa iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ndimu na maji ya moto havimdhuru, wala havimpunguzi.

Zipo sindano halisi, kama za semaglutide, zinazopunguza uzito kweli. Ni za kuandikiwa na daktari, ni ghali, na wengi hurudisha uzito wakiziacha. Za kupimiwa kwenye chupa bila lebo asiziguse.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nitajuaje kama ni unene au ni ugonjwa mwingine?

Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba sekunde tano hadi kumi. Shimo likibaki, ni maji. Kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, pamoja na kukosa pumzi akilala chali, fikiria moyo. Uso unaovimba asubuhi, fikiria figo, pima mkojo.

Tumbo kubwa na mikono iliyokonda si unene. Linaweza kuwa maji ya ugonjwa wa ini, bandama, uvimbe wa kizazi au wa mfuko wa mayai. Kwa watu wa mwambao wa Tanganyika usisahau kichocho cha tumbo, hata kwa mtu mzima aliyeacha kuvua zamani. Uvimbe wa shingo pamoja na baridi isiyoisha, choo kigumu na uchovu huelekeza kwenye tezi. Uso wa mviringo wenye mistari ya zambarau tumboni huelekeza kwenye dawa za steroidi au homoni za mwili wenyewe. Anayekoroma hadi pumzi inakatika na kusinzia mchana, hasa dereva, naye apewe rufaa.

23. Amefuata kila kitu miezi minne, sasa mizani imegoma.

Mwili mdogo unahitaji nishati kidogo, kwa hiyo mpango uliompunguza kilo 4 sasa unamtosha kubaki alipo. Kwanza pima kiuno. Mara nyingi kimeendelea kupungua. Kisha rudia maswali ya lita na kilo, maana vipimo hulegea bila mtu kujua. Vikiwa sawa, ongeza kipengele kimoja, kwa kawaida mazoezi ya misuli ya swali la 16. Kama presha na sukari zimetulia, kubaki hapo ni uamuzi halali.

24. Mnene anapungua bila kujaribu. Tumpongeze?

Usimpongeze kabla hujauliza. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu na mkojo mwingi, au chakula kukwama: pima kifua kikuu, sukari na VVU, mpeleke kwa daktari. Wanene huchelewa kugunduliwa kwa sababu kila mtu anawasifu.

25. Bibi anaongea Kiha tu na aliyemleta ni mkwewe.

Usimtumie mkwe, wala mtoto, kuuliza habari za hedhi, mkojo au tumbo. Atajibiwa yanayofaa kusikiwa na mkwe. Tafuta mhudumu mwanamke wa makamo anayejua Kiha. Uliza kwa vipimo vya nyumbani: chupa, kikombe, kijiko, na uviweke mezani aoneshe kwa mkono. Mwisho mwombe aseme kwa maneno yake atakachofanya, na mkalimani akutafsirie jibu zima. "Amesema sawa" usiipokee.